Ugonjwa Usio na Jina

Mwezi wa Julai 2022 watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, waliingiwa na hofu kubwa. Wenzao walishikwa na homa, wakaumwa kichwa, wakatokwa damu puani. Tarehe 13 Serikali ilitangaza wagonjwa 13, na 3 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Wagonjwa walipimwa Ebola na Marburg, wasionekane nazo. Tarehe 18 ndipo jina lilipotangazwa: homa ya mgunda.

Tuzifikirie siku hizo tano. Mama aonaye damu ikimtoka mwanawe hawezi kungoja majibu ya maabara. Ataka sababu leo. Akiikosa kwa mganga wa hospitali ataipokea kwa jirani, na sababu ya jirani mara nyingi ina mtu wa kulaumiwa. Huo si upumbavu, ingawa sisi tuliosoma twapenda kuuita hivyo.

Basi elimu yapaswa kuitangulia hofu. Vijidudu vya mgunda hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, huishi majini na katika udongo wenye unyevu, na huingia mwilini kwa njia ya michubuko. Mgonjwa akiwahi hospitali, dawa ipo. Mkulima wa Nachingwea, awajuaye vema panya wa ghala lake, ataelewa mara moja, mradi aruhusiwe kuuliza. Na mwalimu akiulizwa lisilojulikana bado, akiri hivyo waziwazi, kisha ataje siku atakayorudi na jibu.