Unasihi kwa Mtu Mwenye Dalili za Mwanzo za Demensia: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipia

Demensia ni hali ya ubongo kupungukiwa uwezo wa kukumbuka, kufikiri na kumudu shughuli za kila siku. Katika hatua ya mwanzo, mgonjwa kwa kawaida bado anaweza kueleza anachokitaka na kukubali au kukataa huduma. Kwa hiyo mtumiaji wa huduma ni yeye, si mwanawe anayelipa. Mnasihi anayezungumza na ndugu peke yao, ilhali mzee ameketi pembeni kama mgeni, ameanza vibaya.

Hakikisha kwanza daktari amempima. Sonona, upungufu wa vitamini B12 na baadhi ya dawa huweza kuvuruga kumbukumbu, na hali hizo mara nyingi hutibika.

Unasihi haurejeshi kumbukumbu iliyopotea, na anayeahidi hivyo anampotosha mlaji. Kinacholipiwa ni nafasi ya kusema hofu na aibu bila kukatizwa, kupanga mambo ya fedha na mirathi mapema, na kujifunza kuishi na usahaulifu: kalenda ukutani, daftari mfukoni, dawa zilizopangwa kwa siku. Pale ambapo familia inaamini mzee amerogwa, mnasihi mzuri huzungumza nayo bila dharau. Kazi hiyo huchukua muda, nayo inastahili kulipiwa.

Ipo pia tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili, iliyobuniwa Uingereza na baadaye kujaribiwa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Kwa kawaida huwa na vikao 14 katika wiki 7. Watu wachache huketi pamoja wakazungumzia chakula, utoto wao au habari za siku. Mpango wenye idadi ya vikao inayojulikana humwezesha mlaji kukadiria gharama. Ukitakiwa kulipia mwaka mzima kwa mkupuo, uliza: vikao ni vingapi, nani ataviendesha na ana sifa gani, na fedha zitarejeshwaje mgonjwa akikataa kuendelea? Majibu yaandikwe, na risiti itolewe.

Uliza vilevile kuhusu usiri. Nchini Tanzania taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Aliyoyasema mzazi faraghani hayapaswi kumfikia mtoto pasipo idhini ya mzazi, hata kama mtoto ndiye aliyelipa.