Hisabati na Fizikia: Maswali na Majibu ya Marudio

Swali la 1: Kwa nini katika karne ya 17 na ya 18 ni vigumu kumtenga mwanahisabati na mwanafizikia?

Jibu: Kazi ilikuwa moja. Newton alibuni kalkulasi huku akichunguza mwendo, na Euler alishughulikia namba tasa na mtiririko wa maji vilevile. Kumbuka: katika kitabu chake kikuu cha 1687, Newton alipanga hoja nyingi kwa jiometria.

Swali la 2: Grossmann alimsaidiaje Einstein?

Jibu: Mwaka 1912, mjini Zürich, Einstein alikuwa na wazo la mvutano lakini alikosa hisabati ya kulieleza. Marcel Grossmann, aliyesoma naye chuoni, akamwelekeza kwenye jiometria ya nafasi zilizopinda, aliyoianzisha Riemann mwaka 1854. Milinganyo ya mvutano ilikamilika Novemba 1915. Usiandike kwamba Riemann hakujali fizikia. Mhadhara wake wa 1854 unaishia kwenye swali la fizikia.

Swali la 3: Eleza utengano wa katikati ya karne ya 20.

Jibu: Kundi la Bourbaki, Ufaransa, lilijenga hisabati upya kutoka kwenye misingi yake, bila kuegemea fizikia. Wanafizikia nao walikokotoa mambo ya chembe kwa njia zilizoleta majibu sahihi bila uthibitisho. Mwaka 1972 Freeman Dyson alitangaza kwamba ndoa ya hisabati na fizikia imeishia talaka. Hasara ilikuwa kubwa: nadharia ya Yang na Mills ya 1954 ilihusu kitu ambacho wanahisabati walikuwa nacho tayari kwa jina jingine, na pande hizo mbili zikaja kutambua hivyo kwa uwazi miaka ya 1970.

Swali la 4: Tukio la 1991 lilibadilisha nini? (Swali hili lina alama nyingi, lisome kwa makini.)

Jibu: Hadi hapo mara nyingi fizikia ndiyo iliyokuwa ikiazima kutoka hisabati. Safari hii ilikopesha. Kuna umbo liitwalo kwintiki, na wanahisabati walitaka kujua lina mistari mingapi ya kila daraja. Mistari nyofu, yaani daraja la 1, ni 2,875, hesabu ya karne ya 19. Daraja la 2 ni 609,250, iliyopatikana miaka ya 1980. Daraja la 3 liliwashinda. Ndipo mwanafizikia Candelas na wenzake watatu, wakitumia nadharia ya nyuzi, walipotoa 317,206,375, pamoja na njia ya kupata madaraja yote yanayofuata. Wanahisabati wawili wa Norway, Ellingsrud na Strømme, walikuwa wamepata 2,682,549,425 kwa kompyuta. Wengi waliamini kompyuta. Wawili hao wakakagua programu yao, wakakuta kosa, wakalirekebisha. Jibu likawa lile la wanafizikia. Kwangu, huu ndio mfano bora kuliko yote: watu wasio na uthibitisho walikuwa wameona mbali kuliko wenye uthibitisho, na wenye uthibitisho wakakiri hadharani. Uthibitisho kamili ulifuata miaka michache baadaye.

Swali la 5: Je, uthibitisho umepoteza thamani?

Jibu: Hapana. Edward Witten, mwanafizikia, alipewa Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 1990, lakini misingi ya kihisabati ya nadharia ya Yang na Mills bado inatafutwa. Tangu 2000, Taasisi ya Hisabati ya Clay imeahidi dola milioni 1 kwa atakayeithibitisha.