Oliver Twist: Yatima Aliyeomba Uji Zaidi

Charles Dickens, mwandishi mashuhuri wa Uingereza, alizaliwa mwaka 1812. Mwaka 1824 baba yake alifungwa gerezani London kwa ajili ya madeni, na Charles, mtoto wa miaka 12, akawa kibarua katika kiwanda cha rangi ya viatu. Basi alipoandika juu ya watoto maskini, aliandika jambo alilolijua.

Ili kukifahamu kitabu chake kiitwacho Oliver Twist, yafaa kwanza kuijua Sheria ya Maskini ya mwaka 1834. Walioitunga waliogopa kwamba msaada ukiwa mwema, wavivu wataukimbilia. Kwa hiyo ilikusudiwa kwamba maisha katika nyumba za maskini yawe magumu kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje. Mume alitengwa na mkewe, na wazazi na watoto wao. Hivyo yatima asiye na kosa alitiwa katika adhabu iliyowekewa mvivu.

Hadithi hii ilitolewa kidogo kidogo katika gazeti la kila mwezi, tangu 1837 hata 1839. Mama yake Oliver afa mara baada ya kumzaa katika nyumba ya maskini. Huko wavulana wapewa uji mwepesi, bakuli moja moja. Njaa inapowazidi wapiga kura, nayo yamwangukia Oliver. Asimama, aomba uji zaidi. Kwa neno hilo afungiwa peke yake, na tangazo labandikwa langoni: atakayemchukua atapewa paundi tano.

Oliver apelekwa kwa mtengeneza majeneza, ateswa, kisha atoroka kwa miguu mpaka London. Anayemlisha njiani ni kijana mwizi, naye ampeleka kwa Fagin, mkuu wa wezi, ambako akuta soseji zikikaangwa. Hapa ndipo ilipo shabaha ya Dickens: chakula alichonyimwa na wenye sheria, alikipata kwa wavunja sheria. Mwisho Oliver aokoka kwa wema wa Bwana Brownlow, na kwa ujasiri wa Nancy, aliyeuawa kwa sababu ya kumsaidia.

Mabaraza yaliyosimamia nyumba hizo yalivunjwa mwaka 1930.

Maswali:
1. Kwa nini kuomba uji kulihesabiwa kuwa kosa kubwa?
2. Ni nani aliyemwelekeza Oliver kwenye wizi: Fagin, au waliomnyima chakula?
3. Yawezekanaje kumzuia mvivu bila kumwumiza yatima?