Somo la TEHAMA: Seva Ikianguka, Soma Ujumbe Kabla ya Kuiwasha Upya

Seva ya malipo ikikwama, foleni ya wananchi hurefuka na afisa hukimbilia kuiwasha upya. Hapo ndipo ushahidi hupotea.

Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi. Ile ya Linux ikianguka, huandika ujumbe kwenye skrini. Afisa aupige picha kwanza. Huduma ya kdump, ikiwa iliwekwa mapema, huhifadhi nakala ya kumbukumbu, aghalabu katika /var/crash.

Kisha asome mambo matatu:

1. Mstari wa RIP: kerneli ilikuwa wapi ilipoanguka.
2. Orodha ya Call Trace: hatua ya mwisho iko juu. Majina yenye tcp au skb huelekeza kwenye mtandao.
3. Toleo la kerneli.

Mfano ni hitilafu ya SACK Panic iliyotangazwa Juni 2019. Pakiti za data zilizopangwa kwa hila zilifurisha kihesabu cha biti 16, na kerneli ikajisimamisha ndani ya tcp_shifted_skb. Kubadilisha waya kusingesaidia. Dawa ilikuwa kusasisha kerneli, au kuzima SACK kwa muda.

Maafisa wahakikishe leo kwamba kdump inafanya kazi.