Dalili na Sababu: Vipi Twajua Kitu Tusichokiona?

Watu wetu husema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Maneno haya ni ya hekima. Lakini nani katika mwambao wetu asiyewahi kuona mawingu yakitanda asubuhi, kisha yakapita na mvua isinye? Basi dalili ni nini? Ni wakati gani yatufikisha kwenye yakini, na ni wakati gani yatuacha kwenye dhana? Haya ndiyo tunayotaka kuyaeleza katika somo hili, kwani hapana siku ipitayo ila twahukumu juu ya vitu ambavyo macho yetu hayakuviona.

Tuanze na jambo tulijualo sote. Mvuvi atokapo usiku wa wingu zito, akakuta maji yamejaa mno, hujua kuwa ni bamvua. Na akijua ni bamvua, hujua kuwa mwezi ama ni mchanga ama ni mpevu. Mwezi wenyewe hakuuona. Ameujua kwa athari yake, kwa kuwa yeye na wazee wake wameona mambo haya mawili yakiandamana mwaka baada ya mwaka. Hii ndiyo tajriba, nayo ni mlango mkubwa wa elimu.

Lakini mambo mawili kuandamana ni kitu kimoja, na moja kuwa sababu ya la pili ni kitu kingine. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilichunguza jambo hili katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Alitoa mfano wa pamba na moto: macho yaona pamba ikiungua inapokutana na moto, lakini kile kifungo chenyewe kinachounganisha moto na kuungua hapana jicho lililokiona. Kwake yeye hiyo ni ada aliyoiweka Mwenyezi Mungu. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kuwa mwenye kuzikanusha sababu ameikanusha akili yenyewe. Hatukusudii kuamua baina ya wanavyuoni wawili hawa. Faida tunayoitaka ni hii: jicho huona kufuatana tu, sababu huhukumiwa na akili, na akili yaweza kukosea. Basi haina budi kutaka ushahidi.

Na tutazame mfano wa mtu mmoja aliyepita njia moja mara mbili, akapata mara ya kwanza, akakosa mara ya pili. Sayari ya Uranusi iligunduliwa na William Herschel mwaka 1781. Wataalamu walipoifuatia kwa miaka mingi, wakaona haiendi sawasawa na hesabu zao. Mfaransa Urbain Le Verrier akasema: lazima iko sayari nyingine isiyoonekana inayoivuta. Akapiga hesabu, akaandika pahali itakapokuwako, akapeleka barua Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, Johann Galle alielekeza darubini huko, na sayari ikaonekana karibu mno na pale palipotajwa. Hiyo ndiyo Neptuni. Ilijulikana kwa athari yake kabla ya kujulikana kwa jicho.

Kisha Le Verrier akaitazama sayari ya Utaridi, iliyo karibu zaidi na jua, akaona nayo ina upungufu mdogo katika mwendo wake. Mwaka 1859 akatoa hukumu ile ile: kiko kitu kingine karibu na jua kinachoivuta. Watu wakakipa jina, Vulcan, wakakitafuta miaka mingi, hata wakati wa kupatwa kwa jua. Hakikuonekana, kwa sababu hakikuwako. Mwaka 1915 Albert Einstein alibainisha kuwa upungufu ule watokana na namna mvutano wa jua wenyewe ufanyavyo kazi. Athari ilikuwa kweli, na sababu ilikuwako. Jina lililopewa sababu hiyo ndilo lililokuwa batili.

Mtu aweza kusema: hayo ni ya mbinguni, yatuhusu nini? Basi na tushuke kwenye homa. Watu wa kale waliona kuwa wakaao karibu na vinamasi hushikwa na homa, wakahukumu kuwa sababu ni hewa yenye kunuka. Jina malaria lenyewe latokana na maneno ya Kitaliani yenye maana ya hewa mbaya. Na ajabu ni kuwa walipokausha vinamasi, homa ilipungua! Tajriba ikawa kama yawasadiki, hali ya kuwa wamekosea. Mwaka 1880 daktari Mfaransa Laveran, akiwa Aljeria, aliona vimelea katika damu ya wagonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, aliviona ndani ya mwili wa mbu. Kinamasi kilikuwa na hatia kweli, lakini kwa sababu ya mbu waliozaliana humo, si kwa harufu yake.

Kutokana na haya twapata kanuni tatu. Ya kwanza, athari yathibitisha kuwa iko sababu. Haithibitishi kuwa sababu ni ile tuliyoizoea. Ya pili, mwenye kutaja sababu na aseme ni nini kitaonekana ikiwa amesema kweli, kisha kitu hicho kitafutwe. Ya tatu, kikitafutwa ipasavyo kisionekane, dai liachwe, hata akiwa mwenye kudai ni mtu mkubwa.

Sasa tuingie majumbani mwetu. Mtoto ashikwapo na homa, huyu husema ni jicho la hasidi, yule husema ni upepo mbaya, na wa tatu, ajionaye ameelimika, husema ni malaria tu, akanunua vidonge dukani. Wote watatu wametaja jina bila ya kutafuta ushahidi. Hatukanushi kuwa yako mambo ya ghaibu. Twasema kuwa mwenye kudai kuwa jambo fulani ndilo lililomdhuru mtoto huyu na alete hoja. Tone moja la damu laweza kupimwa. Vimelea vikionekana, dawa yake yajulikana. Visipoonekana, daktari na atafute sababu nyingine, wala tusimlazimishe aitaje ile tuliyoitaka sisi. Na haya yafanywe upesi, kwani malaria kali yaweza kumfikisha mtoto pabaya katika siku moja, nayo haingoji watu wazima wamalize kubishana.

Dua na isomwe, na damu ipimwe. Hapana moja katika hayo mawili limzuialo mwenziwe. Limzuialo mtu kujua ni kuridhika na jina kabla ya kuitafuta sababu.