Plagi: Soma Namba Kabla ya Kulipa
Nasomea ualimu, lakini teksi ya mzee ndiyo inayonilipia ada, hivyo plagi zake nanunua mwenyewe. Wenzangu, dukani usiseme tu "nipe za bei poa." Anza na kitabu cha gari, kisha soma maandishi ya plagi. Mfano, NGK BKR6E-11: 6 ni kiwango cha joto, E ni urefu wa sehemu yenye nyuzi, milimita 19, na 11 ni mwanya wa milimita 1.1. Kwa NGK, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume. Ya moto mno inaweza kutoboa pistoni. Ya baridi mno hujaa masizi. Namba zisipolingana, rudisha pesa mfukoni.