Kamera Nzito Hubebwa kwa Bega, Si kwa Mkono

Kurekodi video za mazishi, harusi na harambee kumewapa riziki vijana wengi wa Kisegi na maeneo jirani ya Homa Bay na Migori. Ni kazi ya kusimama. Ibada ya mazishi huweza kuanza asubuhi na kuendelea hadi alasiri, na jamaa walio Nairobi au ng'ambo wanasubiri kuona yote. Jeneza likishateremshwa kaburini, hakuna anayeweza kuombwa arudie. Mpiga picha ambaye mkono wake unaanza kutetemeka saa saba mchana, baada ya hotuba kumi na mbili, atakosa jambo lile lile aliloitwa kulirekodi.

Wengi hudhani dawa ni kuwa na misuli. Jaribio dogo la jikoni linaonyesha vingine. Chukua pakiti ya unga ya kilo 2, unyooshe mkono mbele ya kifua na uishike hapo. Kabla ya dakika kwisha, bega litaanza kuwaka moto. Sasa ivute pakiti hiyo hiyo karibu na kifua, kiwiko kikiegemea mbavu. Uzito haujapungua hata gramu moja, lakini mzigo ulio sentimita 60 kutoka begani hulichosha bega karibu mara tatu kuliko ulio sentimita 20. Ndiyo sababu kamera ndogo ya kisasa, inayoshikwa mbele ya uso kwa mikono iliyonyooka, huweza kuchosha kuliko kamera kubwa ya begani. Mwenye kamera ndogo na avae mkanda wake shingoni, ausukume mbele hadi ukaze, kisha abane viwiko vyote viwili mbavuni. Mkanda uliokaza hupunguza mtikisiko.

Kwa kamera ya begani, kazi ya kwanza hufanywa kabla ya kurekodi. Weka betri, lenzi, maikrofoni na taa, vyote vitakavyotumika siku hiyo, halafu uipandishe kamera begani na ulegeze mkono polepole, kiganja kikibaki karibu ili isianguke. Ikiinamia mbele, lenzi imezidi uzito. Isogeze kamera nyuma kwenye mto wake wa begani, au weka betri kubwa zaidi nyuma. Ikilala nyuma, fanya kinyume. Lengo ni kamera itulie begani yenyewe. Mama anayepanda kutoka ziwani na ndoo kichwani juu ya ngata anaijua kanuni hii vizuri: uzito ukishuka wima kupitia mifupa, mikono hubaki na kazi ya kuongoza tu. Mkono wa kulia uingie kwenye mkanda wa lenzi bila kuikaba, wa kushoto ushughulikie ukali wa picha. Anayeona vidole vyake vimekuwa vyeupe kwa kukaza ajue kwamba bado anainua kwa mkono.

Miguu nayo ipanuliwe kadiri ya upana wa mabega, mmoja mbele kidogo, magoti yasikazwe. Kama msafara utapita kutoka kushoto kwenda kulia, elekeza nyayo kulia, kule utakakomalizia, kisha zungusha kiuno uanzie kushoto. Hivyo mwili hujifungua kadiri picha inavyosonga, badala ya kujisokota hadi kukwama.

Afrika Mashariki haijapata ushahidi mkubwa wa jambo hili kuliko Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1943. Picha zake za njaa ya Ethiopia, alizozirekodi Korem Oktoba 1984, ziliamsha misaada kutoka pande zote za dunia. Juni 1991, ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, alipoteza mkono wa kushoto, na mwenzake wa kurekodi sauti, John Mathai, aliuawa. Amin alivaa mkono wa bandia na kurudi kazini na kamera. Aliendelea hadi alipofariki Novemba 1996, ndege aliyokuwa akisafiria ilipotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro. Bila shaka alikuwa na moyo wa pekee, lakini kazi ya aina hiyo haiwezekani kabisa kwa mtu anayetegemea nguvu za mikono miwili.

Kwenye njia za mawe za milima ya Gwassi, tembea magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kisigino kikitangulia kugusa ardhi, na lenzi ikiwa pana. Kuvuta picha kutoka mbali huku ukitembea hukuza kila mtikisiko; ni afadhali kusogea karibu. Ukitembea kinyumenyume mbele ya jeneza, mwenzako akushike mshipi na kukuongoza. Ndani ya mashua, keti, vaa jaketi la kuokoa maisha, na usiegemeze kamera kwenye ubao wa pembeni, maana mtetemo wa injini huingia moja kwa moja kwenye picha. Acha kiuno kifuate mawimbi.

Kamera ishushwe kila nafasi inapopatikana, na iinuliwe kwa kukunja magoti, si mgongo. Ganzi ya vidole au maumivu ya shingo yanayobaki hadi kesho yake yafikishwe kituo cha afya mapema, kabla hayajawa ugonjwa wa kudumu. Tena, kwenye shughuli ya kutwa nzima, msaidizi wa kumpokea mpiga picha wakati wa hotuba ndefu ahesabiwe katika bei tangu siku ya makubaliano na familia, si kutafutwa mtu ameshachoka.